Ujuzi Hauzeeki, Ushahidi Wake Huchakaa
Mazungumzo na watumiaji wa huduma wanaotafuta kazi baada ya umri wa miaka 45



Nimetumwa na Mamlaka kuzungumza nanyi juu ya msako wa kazi uliokwama, hususan msako wa mtu aliyekwisha kuvuka miaka 45. Baadhi yenu mlianza kupokea mshahara kabla mimi sijazaliwa, kwa hiyo sitathubutu kuwafundisha kazi. Nitawaeleza yale ambayo ofisi kama yetu huyaona kila watu wanapotuletea malalamiko yao: jinsi mtu mwenye ujuzi wa miaka ishirini anavyoweza kukaa mwaka mzima bila kuitwa hata mara moja, na jinsi mwingine anavyouziwa matumaini kwa fedha yake mwenyewe ya kiinua mgongo.

Pengine mtu anajiuliza mamlaka inayomlinda mtumiaji wa huduma inaingiaje katika habari za ajira. Inaingia kwa sababu anayetafuta kazi ni mnunuzi. Hununua bando, hulipia kuandikiwa wasifu, hutoa nakala za vyeti, hulipa nauli ya kwenda kwenye usaili, husajiliwa katika mafunzo ya wiki mbili, huahidiwa mambo na wakala, na mara nyingine hukopa ili aweze kuyalipia yote hayo. Ni mnunuzi mwenye haraka. Muuzaji asiye mwaminifu hana mteja anayempenda kuliko huyo.

Wahenga walisema ujuzi hauzeeki, na walisema kweli. Fundi aliyeshika mwiko miaka ishirini na mitano haamki asubuhi moja akawa hajui ukuta ulionyooka. Lakini msemo huu huwalaza watu usingizi. Mwajiri hauoni ujuzi wako. Anachokiona ni ushahidi wake, na ushahidi huchakaa upesi kuliko mwenyewe. Kampuni uliyoitumikia miaka 14 ilifungwa. Meneja aliyekufahamu amestaafu na kurudi kwao, au ametangulia mbele ya haki. Namba ya simu uliyoiandika mwishoni mwa wasifu kuwa ni ya mdhamini wako imekwisha kupewa mtu mwingine, na huyo akipigiwa hujibu kwamba hakufahamu. Leseni imepita muda. Cheti kiliingiwa na maji siku za mafuriko. Jina lililo katika cheti cha kidato cha nne ni la baba, lililo katika kitambulisho cha Taifa ni la mume. Wewe upo, mzima, na kazi unaiweza. Ila karatasi zako zinaeleza habari za mtu asiyepatikana.

Kwa sababu hiyo, msako uliokwama aghalabu haukwamuliwi kwa kuongeza idadi ya barua. Barua ya hamsini yenye mdhamini asiyepatikana ina bahati ile ile ya barua ya kwanza. Ushauri wangu, ambao najua ni mgumu kwa mtu mwenye kodi ya nyumba na ada za watoto, ni kusimamisha kutuma maombi kwa muda wa wiki mbili na kuzitumia wiki hizo kuukarabati ushahidi.

Anzeni na cheti cha utumishi. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini, Namba 6 ya mwaka 2004, inamtaka mwajiri ampe mfanyakazi cheti hicho ajira inapokoma. Si hisani, wala hakitegemei mliachana vizuri au vibaya. Wengi huondoka na barua ya kukatishwa ajira pekee, na barua hiyo ndiyo wanayoiambatisha kwenye maombi mapya, ilhali inaeleza siku ya mwisho tu na haisemi lolote juu ya miaka iliyotangulia. Rudi ukakidai. Ikiwa mwajiri hayupo tena, nenda NSSF ukaombe taarifa ya michango yako. Watu huiona karatasi hiyo kuwa ni ya kuhesabia fedha tu, lakini ndani yake mna majina ya waajiri waliokuchangia na miezi waliyochangia. Kwa mtu ambaye kampuni yake imekufa, hakuna shahidi asiyeegemea upande kuliko huyo.

Majina yasiyooana yashughulikiwe sasa, kabla hujaitwa popote. Mwanamke aliyebadili jina baada ya ndoa, au mtu ambaye shule iliandika Athumani na kitambulisho kikaandika Othman, atakwamishwa siku ya kuhakiki vyeti hata kama usaili ameufaulu. Hati ya kiapo au hati ya kubadili jina, kwa kadiri ya tatizo lenyewe, hupatikana kwa msaada wa wakili. Aliyepoteza cheti cha sekondari aanze na taarifa ya upotevu ya polisi, kisha afuate utaratibu wa Baraza la Mitihani. Hakuna haja ya kumpa fedha mtu wa pembeni anayedai kuwa ana ndugu yake ndani ya Baraza.

Wapo wenye ujuzi ambao haukupata kuandikwa popote tangu mwanzo. Mpishi aliyejifunzia jikoni, fundi magari aliyekulia gereji, mwashi aliyeanza kwa kubeba zege. VETA wana utaratibu wa kutambua na kurasimisha ujuzi uliopatikana nje ya mfumo rasmi: unapimwa kwa kazi unayoifanya kwa mikono yako, na ukifaulu unapewa cheti. Nawasihi wenye umri wa miaka hamsini wasione haya kukaa katika upimaji huo pamoja na vijana. Kampuni za ujenzi na hoteli zinapochagua kati ya watu wawili wasiowafahamu, hushika kwanza yule mwenye karatasi.

Baada ya karatasi waje watu. Chukua daftari uandike majina ya watu ishirini waliopata kukuona ukifanya kazi. Sikusema watu wenye vyeo. Msambazaji aliyekuletea mzigo, mkaguzi wa hesabu aliyekuja kila Juni, dereva wa kampuni ya jirani, mteja aliyekuwa akiomba ahudumiwe na wewe tu, na zaidi ya wote, vijana uliowafundisha kazi. Hao wa mwisho wengi leo ni wasimamizi na mameneja. Hapo ndipo wakubwa wetu hushindwa. Mtu huona aibu kumpigia simu kijana aliyekuwa akimtuma chai. Naielewa aibu hiyo, kwa kuwa nimekulia katika nyumba zenye adabu hiyo hiyo; lakini nasema, kwa heshima, kwamba inawagharimu watu kazi. Kijana yule anajua kwa macho yake kile ambacho mwajiri mgeni atahitaji miezi sita kukigundua.

Ukimpigia, usiseme unatafuta kazi yoyote. Tumezoea kuamini kwamba neno hili linaonyesha unyenyekevu na kupanua nafasi. Kwa kweli humwacha msikilizaji bila la kushika: ataitikia kwa huruma, atasema akisikia chochote atakujulisha, na atasahau kabla ya jioni. Hebu sikilizeni namna nyingine: “Habari za siku nyingi, mdogo wangu. Bado nipo Dar es Salaam. Natafuta kazi ya kusimamia ghala au stoo, upande wa Vingunguti au Kurasini, hata kwa mkataba wa miezi mitatu. Unamfahamu mtu mwenye ghala linalomsumbua kwa upotevu wa mali?” Swali hilo la mwisho ndilo lenye nguvu. Halimwombi akupe kazi, jambo ambalo huenda hana uwezo nalo. Linamwomba jina la mtu, na jina kila mtu analo.

Mkimaliza kuzungumza, mwombe ruhusa ya kumwandika kuwa mdhamini, uhakiki namba yake, na umkumbushe ulifanya nini na lini. Mdhamini aliyeshtukizwa na simu ya mwajiri hujibu kwa kusitasita, na kusitasita huko huhesabiwa juu yako.

Sasa wasifu wenyewe. Nyingi ninazoletewa na watu wa umri huu huanza na tarehe ya kuzaliwa, dini, hali ya ndoa, idadi ya watoto, kisha shule ya msingi, na kazi ya karibuni kabisa hutokea ukurasa wa tatu. Mwajiri anayepitia maombi mia moja hafiki huko. Geuzeni. Kazi ya mwisho iwe mwanzo, na maelezo marefu yahusu miaka kumi au kumi na mitano iliyopita. Yaliyotangulia hayo yatosheke na mstari mmoja mmoja. Idadi ya miaka peke yake haielezi kazi. Chukulieni mtunza ghala wa mfano, ambaye ameandika: “Nimekuwa mtunza ghala kwa miaka 14, mchapakazi na mwaminifu.” Kila mtu huandika hivyo, hata aliyefukuzwa kwa wizi. Mtu huyo huyo angeweza kuandika: “Nilisimamia ghala la saruji na nondo lenye wafanyakazi 9, nilihesabu mali kila Jumamosi, kwa miaka mitatu ya mwisho ukaguzi haukukuta upungufu.” Hakujisifu, na bado msomaji amemwona akiwa kazini.

Tarehe ya kuzaliwa si lazima itangulie kila kitu, lakini asije mtu akaipunguza. Nawaambia hili kwa sababu wapo wanaoshauriwa hivyo na waandishi wa wasifu wa mitaani. Tarakimu nane za mwanzo za namba yenu ya NIDA ndizo mwaka, mwezi na siku ya kuzaliwa. Anayeishika namba hiyo anaujua umri, na mtu aliyedanganya umri amejipatia kosa ambalo hakuwa nalo.

Kuna aina moja ya uchakavu ambayo haitibiwi kwa karatasi, nayo ni ya vifaa vya kazi. Afisa ununuzi aliyeacha kazi kabla ya 2023 aliujua mfumo wa TANePS. Tangu mwaka huo ununuzi wa umma umehamia NeST, na kampuni binafsi zinazouza bidhaa zao serikalini zinahitaji mtu anayeufahamu. Mhasibu aliyezoea daftari ataulizwa juu ya programu ya hesabu. Simsihi mtu akasome shahada. Jifunze kile kifaa kimoja ambacho matangazo ya kazi yako yanakitaja mara kwa mara, kwa mtoto wako, kwa jirani, au katika mafunzo mafupi ambayo umeyauliza bei na kuomba risiti, na ukitaje katika wasifu pale tu ambapo kweli unakiweza.

Ukishakarabati ushahidi, uangalie unaupeleka wapi. Matangazo ya Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma huweka sharti kwamba mwombaji awe na umri usiozidi miaka 45, isipokuwa wale ambao tayari wako kazini serikalini. Bado wapo watu wa miaka 48 na 50 wanaokesha katika vibanda vya intaneti wakipakia vyeti kwenye mfumo wa maombi, na kulipa kwa kila ukurasa. Mlango huo, kwa ajira mpya za kudumu, umefungwa kwa umri wao. Ni maumivu kulisema, lakini saa zilizotumika hapo zingefaa mahali pengine.

Ziko sehemu zinazoupokea umri vizuri zaidi. Miradi ya mkataba huhitaji mtu atakayeanza kazi kesho bila kufundishwa. Biashara za familia zilizokua mpaka mwenyewe akashindwa kuziangalia peke yake hutafuta mtu mzima wa kuaminiwa na funguo. Shule binafsi, hospitali za mashirika ya dini, vyama vya ushirika na SACCOS, makandarasi wadogo wanaotaka msimamizi wa eneo la ujenzi: hawa mara nyingi hawatangazi popote, huuliza watu. Ndiyo sababu nilianza na daftari la majina ishirini kabla ya kutaja milango.

Halafu siku ya usaili. Katika nchi yetu usaili wa mtu mzima una ugumu wake wa peke yake. Anayekusaili ana miaka thelathini na miwili. Unapoingia anakuamkia shikamoo, nawe unaitikia marahaba. Tayari mpangilio wa chumba umepinduka. Swali linalomkaa moyoni, ambalo adabu inamzuia kulitamka, ni hili: nitaweza kumtuma huyu? Nikimkosoa atanichukulia kuwa mtoto asiye na heshima? Usisubiri aliulize. Tafuta nafasi ya kueleza, kwa mfano wa kweli, wakati ulipofanya kazi chini ya mtu mdogo kuliko wewe na mkaelewana. Mwite kwa cheo chake au “bosi”, si “mwanangu”. Na kila utakapotamani kusema “enzi zetu”, sema badala yake “kazi ya mwisho niliyoifanya”.

Kuhusu sheria nitakuwa mfupi. Sheria ile ile ya 2004 inamkataza mwajiri kumbagua mfanyakazi kwa misingi kadhaa, na umri ni mmojawapo. Katika kifungu hicho, mwombaji wa kazi naye amejumuishwa. Ikiwa kazi yenyewe kwa asili yake inadai sifa fulani, hilo si ubaguzi. Mlalamikaji akionyesha dalili za kutosha za ubaguzi, mzigo wa kuthibitisha kwamba haukutokea humwangukia mwajiri. Malalamiko hupelekwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, CMA, na siku hazingoji: anayepinga kuachishwa kazi isivyo halali ana siku 30, migogoro mingine siku 60. Kwa maoni yangu, sheria hii humfaa zaidi aliyeachishwa kwa sababu ya umri kuliko asiyeitwa kwenye usaili, maana asiyeitwa mara chache huambiwa sababu. Tangazo au ujumbe unaotaja umri uhifadhiwe. Ila asikae mtu akisubiri CMA imtafutie kazi.

Nimebakiza mambo mawili ambayo ndiyo hasa yaliyonileta, kwa sababu yote mawili yanahusu fedha isiyorudi.

La kwanza ni miezi yenu ya NSSF. Ili mwanachama apate pensheni ya kila mwezi kwa maisha yake yote, anatakiwa awe amechangia miezi isiyopungua 180, yaani miaka 15. Umri wa kustaafu kwa hiari ni 55, na kwa lazima ni 60. Asiyefikisha miezi hiyo hulipwa mkupuo mmoja, na mkupuo huisha. Sasa tuweke mfano: mtu ana miaka 51 na amechangia miezi 148. Amebakiza miezi 32, chini ya miaka mitatu. Anapata kazi mbili. Moja inalipa zaidi, fedha taslimu mkononi, haina mkataba wala mchango. Nyingine inalipa pungufu, lakini mwajiri anachangia NSSF, ambako jumla ya mchango ni asilimia 20 ya mshahara na mfanyakazi hakatwi zaidi ya nusu yake. Mwenye njaa ya leo ataichagua ya kwanza, na sina haki ya kumlaumu. Lakini aichague akiwa na ile miezi 32 mbele ya macho yake, kwa sababu baada ya hiyo ndipo ilipo pensheni ya kila mwezi mpaka mwisho wa uhai wake. Aliyejiajiri naye anaweza kuendelea kuchangia kwa hiari. Kwa kiwango kidogo, naam, ila mwezi uliochangiwa umehesabiwa.

Hapa ndipo penye hatari kwa mtu ambaye msako wake umekwama. Kwa waliopoteza ajira bila hiari yao lipo fao la kukosa ajira, ambalo kwa anayetimiza masharti, likiwamo la kuchangia miezi 18, ni takriban theluthi moja ya mshahara kwa miezi 6. Masharti hutofautiana kwa wenye taaluma na wasio nayo, basi ulizeni katika ofisi ya NSSF ya karibu. Lipo pia shinikizo la nyumbani la kuyatoa mafao yote: ndugu husema hiyo ni fedha yako, iende ikaanzishe duka. Kabla ya kutia saini fomu yoyote ya kutoa michango, muulize afisa swali moja na usiondoke mpaka alijibu: nikichukua fedha hii, nitabakiwa na miezi mingapi? Mtu mwenye miezi 148 anayeanza upya akiwa na miaka 51 hawezi kuifikia 180 kabla ya miaka 60, hata akiajiriwa kesho.

Na kiinua mgongo cha kisheria msikitegemee kupita kiasi. Kiwango chake ni mshahara wa msingi wa siku 7 kwa kila mwaka uliotimia, kwa miaka isiyozidi 10. Aliyetumikia miaka 10 na aliyetumikia miaka 25 wote sheria inawahakikishia siku 70, isipokuwa kama mkataba wao ulikuwa bora zaidi. Siku sabini si nyingi, na yupo anayezinyemelea.

Huyo ndiye jambo la pili. Anaitwa wakala, mratibu, mtu wa rasilimali watu, au dada fulani aliyeko ughaibuni. Hutuma ujumbe kwamba jina lako limepita; kinachobaki ni ada ya fomu, kisha kipimo cha afya katika kituo alichokichagua yeye, kisha sare, kisha “kumpoza” mkubwa mmoja. Kila malipo ni madogo kuliko yale uliyokwisha kutoa, na ndiyo maana watu huendelea: huona wakiacha sasa watapoteza yaliyotangulia. Kwa watu wazima hutumia maneno maalumu zaidi. Husema “nafasi hii haina kikomo cha umri” au “tunahitaji wazoefu tu”, kwa kuwa anajua ni maneno ambayo hujayasikia siku nyingi.

Wakala binafsi wa ajira anatakiwa awe na leseni, na kwa kanuni zinazomwongoza, anayemlipa ni mwajiri. Anayekudai wewe fedha ili akupatie kazi amekwisha kukuonyesha kazi yake. Muulize namba ya leseni, kisha uihakiki kwa Afisa Kazi wa mkoa au TaESA, ambao ni huduma ya serikali ya ajira. TaESA wenyewe huwaandikisha watafuta kazi na kuwaunganisha na waajiri bila malipo. Kazi ya nje ya nchi, hasa zile za Oman na nchi nyingine za Ghuba, zisikubaliwe kwa sauti ya simu: mkataba uonekane, usomwe, na wakala ahakikiwe kabla hati ya kusafiria haijatoka mkononi mwako. Ujumbe wa kitapeli uutaarifu kwa namba 15040. Na aliyekwisha kumpa mtu namba ya kitambulisho na alama za vidole apige *106# aone ni laini ngapi zimesajiliwa kwa jina lake.

Ni vyema pia tukumbushane kuhusu mikopo ya kausha damu. Mtu hukopa laki moja ya nauli na ada ya fomu kwa programu ya simu ambayo haijulikani ofisi yake ilipo, na baada ya wiki mbili wadhamini wote niliowaambia muwaandike kwenye daftari wanapokea ujumbe wa kumtukana mkopaji. Fikirieni hasara yake: deni ni dogo, lakini wale mashahidi ishirini wamechomwa wote kwa siku moja. Programu inayoomba ruhusa ya kusoma orodha ya namba zako za simu isipewe.

Ndugu Mwenyekiti, nimeelezwa kwamba muda wa maswali umefika. Wenzangu wawili wapo kwenye meza iliyo karibu na mlango. Mwenye taarifa yake ya michango ya NSSF anaweza kwenda nayo tuhesabu pamoja miezi iliyobaki, na mwenye wasifu auache hapa mbele kabla ya chai, nitausoma naye. Aliyepokea ujumbe wa kazi wiki hii na hajalipa, naomba aje kwanza.